Pointi Moja ya Kalauma

Mgeni alifika wakati Fortunata amepiga magoti katikati ya uwanja, akinyoosha mstari wa chokaa kwa kamba. Hakusikia gari. Upepo wa Kalauma ukishuka kutoka mlimani humeza kila sauti, na siku hiyo ulikuwa umemeza hata mngurumo wa jeep. Alichokiona kwanza ni viatu: vyeusi, vya ngozi laini, vimekanyaga mstari ambao chokaa yake ilikuwa haijatulia.

"Umesimama juu ya mstari wangu, bwana."

Viatu vikarudi nyuma. Fortunata akaziba pengo kwa konzi ya chokaa, ndipo akainua uso. Alikuwa mwanamume wa miaka hamsini hivi, mwenye mashavu ya mtu anayekula vizuri, amevaa shati la mikono mifupi katika baridi ambayo hata mbwa wa kambi ya wachimbaji walikuwa wanaikimbia. Midomo yake ilikwisha kuanza kugeuka rangi.

"Samahani, mama. Namtafuta mwenyekiti wa klabu."

"Unaongea naye."

Mgeni akaitazama sketi yake pana, kofia yake ya duara, na mikono yake iliyopauka. Akafungua mdomo aseme neno, hewa ikamkatalia. Kule juu hewa ni nyepesi mno kwa watu wa nchi za joto. Wanavuta, wanavuta, na kifua hakijai.

"Kaa chini kabla hujaanguka," Fortunata akamwambia. "Kalia huo mfuko wa mipira. Hakuna aibu. Mwezi wa tano kuna timu nzima ilitapika hapo hapo ulipo."

Aliitwa Wálter Antelo. Alikuwa na kiwanda cha mafuta ya kupikia kule Santa Cruz, tambarare za mashariki, na alikuwa na klabu ya mpira. Klabu yake ilikuwa na uwanja wa nyasi, taa, na basi ambalo viti vyake vinalala. Kitu kimoja tu haikuwa nacho, nacho ni nafasi katika ligi kuu ya Bolivia.

"Nyinyi mnayo," alisema, akinywa kikombe cha chai ya majani ya koka alicholetewa na Saturnina, mwenzake Fortunata katika kamati. "Mna nafasi, hamna kambi. Nimepita barabarani, mama. Nimeona nyumba hazina milango."

"Watu wameondoka na milango yao," Saturnina akasema. "Ulitaka wamwachie nani? Upepo?"

Hilo lilikuwa kweli. Mwaka uliotangulia bei ya madini ya bati ilianguka, serikali ikafunga migodi, na wanaume ambao baba zao na babu zao walichimba mlima ule ule wakaambiwa wachukue kiinua mgongo na waondoke. Msimu wa 1986 ulipoanza, Deportivo Kalauma walikuwa na wachezaji wa kutosha timu mbili, wote wachimbaji. Kila mwezi lori lilikuja, kila mwezi lori liliondoka na vitanda, kuku, na beki mmoja au winga. Mwenyekiti aliondoka na lori la Aprili. Mweka hazina akamfuata. Ndipo Kamati ya Akina Mama, ambayo zamani iliwahi kugoma kula hadi serikali ikasalimu amri, ikakaa jikoni ikasema kwamba haiwezi kushindwa na mpira. Wakamchagua Fortunata. Sababu kubwa ni kwamba alikuwa mke wa golikipa na alijua jezi zinafuliwaje.

Sasa ilibaki mechi moja. Jumapili, nyumbani, dhidi ya Unión Valluna. Wakipata pointi moja wanabaki ligi kuu. Wakifungwa wanashuka daraja, na nafasi yao haitakuwa na thamani kwa mtu yeyote.

Antelo alilijua hilo vizuri. Ndiyo maana alikuja Jumanne na si Jumatatu ya wiki inayofuata.

"Klabu inaweza kumwachia mwenzake nafasi, ilimradi iwe kabla ya mechi ya mwisho kuanza," alisema. "Nipe muhuri wako kwenye makubaliano, nami nawapa nyumba kumi na mbili. Za matofali. Bomba liko uani, shule iko karibu. Na kazi kiwandani kwa kila mchezaji. Sikuja kuwaibia, mama. Nina watoto pia."

Fortunata alimwamini. Hiyo ndiyo iliyomwuma. Kama angekuwa mwongo, angemfukuza kwa ndoo ya chokaa na kuendelea na mstari wake. Lakini macho yake yalikuwa ya mtu mwema aliyeona kitu kinachotupwa akataka kukiokota.

"Na jina?" aliuliza.

"Jina lipi?"

"Kalauma. Mkishachukua nafasi yetu, mtaitwa nani?"

Antelo akatabasamu kwa upole. "Mama, huko kwetu nani ataweza hata kulitamka?"

Saturnina akachukua kikombe mkononi mwake, ingawa kilikuwa bado kina chai.

"Nitawauliza wachezaji," Fortunata akasema. "Zile nyumba si zangu, ni zao. Muhuri tu ndio wangu. Subiri hadi Jumapili."

*

Jumatano jioni, jua likiwa bado limelalia mabati ya kantini, timu ilikusanyika. Walikuwa kumi na wawili. Fortunata aliwaeleza kila kitu kama alivyoelezwa, bila kupunguza bomba wala shule. Hakutaka baadaye aje mtu kusema alifichwa.

Wa kwanza kusema alikuwa Gumercindo, winga wa kushoto, ambaye kambi nzima ilimwita Wistu, yaani kombo, kwa sababu ya miguu yake.

"Mke wangu anajifungua mwezi ujao," alisema. "Sisemi kitu kingine. Nasema tu kwamba anajifungua mwezi ujao, na maji tunayateka mtoni."

"Hakuna atakayekulaumu, Wistu," Fortunata alimjibu.

"Subiri, shemeji, sijamaliza. Mimi hiyo nyasi naiogopa. Nimecheza kwenye changarawe maisha yangu yote. Nikianguka kwenye nyasi na nisichunike goti, nitajuaje kama nimeanguka?"

Wakacheka, hata yeye, kisha kicheko kikafa. Hilarión, mume wa Fortunata, golikipa na nahodha, alikuwa ameegemea ukuta na mikono yake mikubwa ameifumbata. Alikuwa na miaka thelathini na saba, na magoti yake yalikuwa na zaidi.

"Wamechukua mgodi," alisema. "Wamechukua redio. Wamechukua duka, daktari, mwalimu. Hivyo vyote tulivikuta au tulipewa. Hii nafasi hatukupewa na mtu. Tulipanda daraja sisi wenyewe, tukitoka zamu ya usiku na kuingia uwanjani na vumbi kichwani. Kama tunashuka, tushuke tumesimama. Mimi ndivyo ninavyoona. Mwenye kuona vingine aseme, bado ni ndugu yangu."

Wakapiga kura kwa mikono. Kumi na mmoja walikataa nyumba. Mkono ambao haukuinuka ulikuwa wa Limbert Ayaviri, mshambuliaji, mtoto wa miaka ishirini, mfungaji wao wa msimu mzima.

"Nina mama na wadogo zangu watano," alisema, akiangalia sakafu. "Mzee Antelo kanifuata jana. Kasema hata muhuri usipotoka, mimi ananichukua."

"Msaliti ana sura nzuri, ndiyo maana wanamwita mapema," mtu akanong'ona nyuma.

"Funga mdomo," Fortunata akasema. "Hakuna msaliti hapa. Kuna mwenye wadogo watano."

Alhamisi asubuhi alimfungia Limbert viazi vya kuchemsha na jibini kwenye kitambaa, akampelekea hadi kwenye jeep ya Antelo. Kijana alikuwa analia waziwazi. Fortunata akamwambia apige mashuti kwa mguu wa kulia zaidi, kwa sababu wa kushoto mabeki wote wa ligi wameshaujua. Gari lilipopinda kona alibaki barabarani muda mrefu, akiwahesabu kichwani waliobaki, na kila mara wanatimia kumi na mmoja kamili, bila hata mmoja wa akiba.

*

Kalauma mechi haikuwa inaisha kwa filimbi ya refa. Iliisha ikishasimuliwa kwa wenye mapafu.

Hao walikuwa wachimbaji wa zamani ambao vumbi la jiwe liliwajaa kifuani. Waliishi safu ya juu ya nyumba, karibu na kanisa, na upepo haukuwaruhusu kufika uwanjani. Miaka yote walisikiliza redio ya wachimbaji, na sauti ya mpira katika redio ile ilikuwa ya mtu mmoja, Toribio Llanque. Toribio aliingia mgodini asubuhi na redioni Jumapili. Hakuwa anaruka kitu. Mpira ukitoka nje, alisema umetoka upande gani, umegonga nini, na nani amekwenda kuufuata. Kisha vumbi likamfikia na yeye, na redio ikazimwa kambi ilipofungwa. Ikawa sasa mchezaji mmoja akitoka uwanjani anapanda safu ya juu na kuwasimulia.

Jumamosi Fortunata alimpelekea uji wa mahindi ya zambarau. Katika safu nzima alikuwa amebaki yeye peke yake, na binti yake Emeteria aliyemtunza. Daktari wa mwisho, kabla hajaondoka, alisema njia ya mlimani itamwua. Toribio akasema vizuri, basi hakuna haja ya kufunga mizigo.

"Hawa vijana wako wananitukana," alimwambia Fortunata, sauti ikiwa imebaki nusu. "Wiki iliyopita kaja Wistu. Kasimama hapo mlangoni kama mtu anayedaiwa. Eti, 'Mzee, mbili bila, tumepigwa,' kaondoka. Matokeo nitayapata hata kwenye gazeti la kufungia sabuni. Mimi nataka mechi."

"Alikuwa amechoka, don Toribio."

"Mimi je, nilikuwa nimepumzika? Nilitangaza fainali ya kambi na mbavu mbili zimevunjika." Akakohoa, akasubiri kikohozi kipite kama mtu anayesubiri treni. "Kesho ndiyo ya mwisho hapa nyumbani. Ya mwisho kwangu, ushindi au kufungwa. Niahidi wewe. Toka filimbi hadi filimbi."

"Nitakuja kabla sijanawa mikono," Fortunata akasema. "Dakika zote."

Halikuwa jambo kubwa. Mechi ingeanza saa saba mchana. Lori la mwisho la kampuni, ambalo lilikuwa lao na la familia nyingine saba, lingeondoka saa kumi kwenda El Alto, ambako watu wa migodini walikuwa wanapewa viwanja vya kujenga. Kulikuwa na saa nzima katikati. Familia zingehesabiwa kwenye lori. Iliyokamilika ingechagua kiwanja mapema, isiyokamilika ingepelekwa mwisho, kwenye kingo za korongo. Hilo kila mtu alilijua, na Fortunata alikuwa amekwisha kufunga vyungu.

*

Jumapili Antelo alirudi, safari hii na koti. Alimkuta Fortunata kwenye lango, akiuza tiketi ambazo hakuna aliyezinunua, kwa sababu watu wote waliobaki Kalauma waliingia bure na yeye mwenyewe ndiye aliyewafungulia.

"Dakika kumi, mama," alisema, akionyesha saa yake. "Baada ya hapo siwezi kuwasaidia."

"Tumekataa, bwana. Walikataa wenyewe, kwa mikono. Ila asante kwa Limbert. Mlishe vizuri, anakonda haraka."

Antelo akashika kofia yake isipeperuke. "Mnajua mtafungwa?"

"Huenda. Unataka kuangalia au unataka kusimama na mimi mlangoni?"

Akaingia, akakaa kwenye jukwaa la mawe katikati ya wanawake na vyungu vyao.

Unión Valluna walikuwa timu nzuri, vijana wenye mapafu mapana ya bondeni, na walikuwa wamefika siku tatu kabla ili kuzoea hewa. Kwa nusu saa mpira ulikuwa wao. Hilarión alidaka, alipangua, alipiga ngumi, alilaza kifua kwenye changarawe. Dakika ya thelathini na kitu beki wa kulia akamwangusha mtu ndani ya boksi, refa akaonyesha penalti. Mpigaji aliweka mpira, akapuliza vumbi. Hilarión alikwenda kushoto, akauparaza kwa ncha za vidole, ukagonga nguzo ukatoka nje. Saturnina alipiga sufuria yake kwa mwiko mpaka mwiko ukakatika.

Kipindi cha pili, kona. Wistu aliupiga vibaya, chini, hakuna aliyekuwa anaungoja hapo, na mpira ukamgonga goti Crisólogo, beki wa kati, mtu ambaye hakuwa amefunga goli tangu ligi ya shule. Ukaingia polepole, kama unaona haya. Bao moja bila.

"Umekusudia?" Wistu alimwuliza wakikumbatiana.

"Niulize kesho," Crisólogo akasema. "Leo nimekusudia."

Wakati huo mbingu upande wa magharibi ilikuwa imegeuka rangi ya risasi. Dereva wa lori aliitazama, akaona mvua ya mawe, akafikiria ile njia ya mlimani ikiwa na barafu na watoto nyuma ya gari lake. Akamwambia msimamizi wa kampuni kwamba hasubiri saa kumi. Msimamizi alikuwa mtu wa mjini, mgeni katika kambi. Alitaka kuziita familia haraka, na kitu kilichokuwa karibu yake ni nyumba ya mashine. Akaingia, akavuta mkono wa king'ora.

King'ora cha zamu kilikuwa hakijalia tangu mgodi ufungwe.

Miaka mingi sauti ile ilikuwa imeamka nao na kulala nao. Ikilia, unaacha ulichoshika. Unaacha nyundo, unaacha kijiko, unaacha mke katikati ya sentensi. Na pale uwanjani, dakika ya sabini na nane, wanaume kumi na mmoja wa Kalauma waliacha kucheza. Hawakufikiri. Crisólogo alikuwa na mpira mguuni, akauacha, akageuka kuelekea mdomo wa mgodi. Wistu aliinama kutafuta begi la chakula ambalo halikuwepo. Hilarión alipeleka mkono kwenye paji la uso kuwasha taa ya helmeti. Jukwaani wanawake walikuwa wamesimama, wameshika vyungu, na Fortunata alijikuta amepiga hatua mbili kuelekea nyumbani kuwasha jiko kwa ajili ya zamu inayotoka.

Watu wa Unión Valluna hawakujua king'ora kina maana gani. Mmoja wao akaona mpira uko peke yake, akaukimbilia, akausukuma golini. Hilarión bado alikuwa amegusa paji la uso.

Bao moja kwa bao moja.

Crisólogo alimwendea refa, si kwa kugomba, kwa mshangao tu. "Zamu imelia, mwamuzi."

Refa alikuwa mzee wa haki, na ilionekana inamwuma. "Nimesikia, bwana. Lakini filimbi ni hii yangu. Goli ni goli."

Fortunata aliona aibu ikishuka juu ya wanaume wale kama vumbi, akaona mabega yao, akajua kwamba hali hiyo ikidumu dakika mbili watafungwa la pili. Mgodi ulikuwa umewafukuza, na bado ukiwaita wanaitika. Akashuka hadi kwenye mstari aliouchora mwenyewe.

"Hilarión," aliita. "Nani aliyekufukuza kazi?"

Mumewe akamtazama, hakuelewa.

"Nakuuliza. Una kazi mgodini, wewe?"

"Sina."

"Wistu, unayo?"

"Sina, shemeji."

"Basi zamu ya nani hiyo? Mnalipwa na nani? Chezeni mpira."

Wistu akaanza kucheka, akacheka huku anajifuta macho, akaupeleka mpira katikati kwa mikono yake mwenyewe.

Msimamizi, akiona familia haziji, akavuta tena king'ora, na safari hii hakukiachia. Kililia na kulia. Saturnina alipiga sufuria kwa kipande cha mwiko kilichobaki. Wengine wakamfuata, kwa vifuniko, kwa mawe, kwa viganja juu ya mabati ya kantini, wakapiga hadi king'ora kikawa sauti moja tu kati ya sauti nyingi, na si kubwa kuliko zote. Antelo alikuwa amesimama katikati yao. Alitazama huku na huku, akavua kiatu kimoja, akaanza kugonga jiwe kwa kisigino.

Uwanjani watu wa Kalauma walicheza kama watu wanaozuia dari isianguke. Hakukuwa na pasi nzuri wala ujanja. Crisólogo aliziba shuti kwa shavu. Wistu, winga, alikuwa anakaba kwenye mstari wa goli lao na miguu yake ya kombo. Punje za kwanza za mvua ya mawe zikaanza kuruka juu ya changarawe. Dakika tisini zikapita, refa akatazama saa, akaacha mpira wa adhabu wa mwisho upigwe, Hilarión akauruka katikati ya miili na kuukumbatia, na alipoanguka nao hakuinuka hadi aliposikia filimbi. Ile ya refa.

Sare. Pointi moja.

Hawakubeba mtu juu. Walikaa tu pale walipokuwa, kwenye mawe ya barafu, wakishikana vichwa. Antelo alishuka na kiatu mkononi, akampa Fortunata mkono.

"Mwakani mtapata wapi timu, mama? Huyu atakuwa El Alto, yule Cochabamba, yule sijui wapi."

"Mabasi yapo," Fortunata akasema. "Watakuja Jumapili. Na kama hawatakuja, hiyo itakuwa habari ya mwakani. Mwaka huu uandike kwamba Kalauma hatukushuka."

Dereva alikuwa anapiga honi. Lori lilikuwa limekwisha kuwashwa, na msimamizi alisimama kwenye ngazi yake na kuita familia moja moja huku maji yakimtiririka usoni. Delmira, binti wa Fortunata na Hilarión, alikuwa amekwisha kukalishwa juu ya magodoro chini ya turubai. Hilarión alikuja mbio na glavu zake, akamkuta Fortunata amesimama upande usiokuwa wa lori, anatazama safu ya juu.

"Twende, mama Delmira. Hasubiri hata dakika tano."

"Nilimwahidi don Toribio."

"Mwambie matokeo hapo dirishani, ukimbie."

Fortunata akakaza kofia kichwani. Hilarión akafuta uso kwa glavu. Alimjua mkewe, na alimjua Toribio.

"Watatuhesabu pungufu," alisema. "Watatutupa korongoni."

"Najua."

"Na kesho utatembea hadi njia panda ya mabasi peke yako. Siku nzima."

"Najua, Hilarión. Mshike Delmira asipate baridi. Nitawakuta."

Honi ikalia tena. Hilarión akapiga hatua kuelekea lori, akarudi.

"Ile penalti," alisema. "Mwambie nilikwenda kushoto kabla hajapiga. Asije akadhani nilibahatisha."

Fortunata alipanda safu ya juu, akiwa ameinamisha kofia dhidi ya mawe ya barafu. Mikono yake ilikuwa bado na chokaa. Emeteria alimfungulia. Ndani kulikuwa na joto la jiko na harufu ya dawa ya kifua, na Toribio alikuwa ameinuliwa juu ya mito miwili, amechana nywele.

"Nimesikia king'ora," alisema. "Nimesikia kelele. Usiniambie zimeisha ngapi."

"Sikuambii."

Nje lori liliingia gia, likanguruma kwenye mteremko, likapinda. Fortunata akavuta kiti, akakaa, akaliacha lipungue hadi likabaki upepo tu.

"Filimbi saa saba na dakika mbili," alianza. "Refa alichelewa kwa sababu ya wavu wa upande wa kanisa. Unión Valluna wanaanza, wanashambulia kutoka mgodini kuja mtoni. Mpira wa kwanza unarudi kwa beki wao, mrefu, soksi zimeshuka, anaupiga mbele, unatoka nje upande wa kantini."

"Umegonga nini?" Toribio akauliza, macho amefumba.

"Ndoo ya Saturnina. Wistu ndiye aliyekwenda kuufuata."